"Na Mkia Je?": Kutegua Vidokezo na Kazi ya Mhakiki

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea makala za riwaya, tamthiliya na ushairi. Leo naomba ruhusa nizungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakiona cha kupotezea muda tu: lile fumbo la maneno lenye miraba myeusi na myeupe, hasa lile la Kiingereza ambalo kidokezo chake husema hivi kikakusudia vile. Nina sababu yangu.

Nilipokuwa mwaka wa pili, katika semina ya ushairi, tulipewa shairi la mafumbo linalomsimulia mnyama. Nikanyoosha mkono haraka haraka nikasema, "Mnyama huyu ni serikali." Wenzangu wakagonga madawati kunipongeza. Mwalimu akatabasamu, kisha akauliza: "Sawa, bwana. Na mkia je? Mshairi ametumia beti mbili nzima kuueleza mkia." Nikabaki nimekodoa macho. Ukweli ni kwamba jibu lile sikulitoa kwenye shairi. Nililitoa kwenye mwongozo, ile miongozo tunayoazimana mpaka inachanika majani. Mwongozo ulikuwa na jibu, lakini haukuwa na mkia.

Baadaye kidogo nilinunua kwa wauza vitabu wa barabarani mkusanyo mkuukuu wa mafumbo ya Kiingereza. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshajaza majibu yote kwa penseli. Nikaona nimeliwa. Kumbe nilikuwa nimepata mwalimu. Jibu ninalo mkononi, lakini kwa nini liwe hilo na si lingine? Kuna jioni nilimaliza mshumaa mzima juu ya neno moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupata jibu na kueleza jibu ni kazi mbili tofauti, na kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea ile ya kwanza tu.

Chimbuko kwa ufupi

Fumbo la maneno la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Vidokezo vyake vilikuwa vya maana ya kawaida tu, kama kuulizwa kisawe. Uingereza ndiko mchezo ulikoingiwa na ujanja. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri aliyekwisha kuipeleka Alfu Lela Ulela katika Kiingereza kutoka Kifaransa, alianza kutunga katika gazeti la Observer kwa jina la Torquemada, yule mtesaji wa mahakama za kidini za Hispania. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa shule, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, mtesaji mwingine. Kitabu cha Ximenes cha mwaka 1966 ndicho kilichouwekea mchezo huu sheria zinazotajwa mpaka leo.

Gazeti la The Times lilianza fumbo lake mwaka 1930. Mwaka huohuo William Empson alichapisha kitabu chake juu ya aina saba za utata katika ushairi. Sisemi kwamba moja lilimzaa mwenzake. Nasema tu kwamba hewa ilikuwa moja: watu walikuwa wanaliangalia neno moja mpaka linafunguka.

Kidokezo kinavyojengwa

Kidokezo cha namna hii kina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni. Ya pili ni mchezo wa maneno unaokufikisha kwenye jibu lilelile kwa njia nyingine. Mwishoni huwekwa idadi ya herufi. Juu ya hayo kuna ngozi: kidokezo kizima husomeka kama sentensi ya kawaida inayokupeleka kusiko. Mtegaji anaruhusiwa kukupoteza njia, haruhusiwi kukudanganya. Na hakuna neno linaloruhusiwa kukaa bure.

Hebu tutazame mifano. Nimeitunga mwenyewe kwa Kiswahili, maana fumbo lisilo katika lugha ya msomaji halimchomi.

Shida iliyomo kitabuni (4). Mwanafunzi akiisoma hii anafikiria mtihani. Lakini maana ya jibu ni "shida", na "iliyomo" inatuambia tutazame ndani ya neno "kitabuni". Ondoa ki- ya mwanzo na -ni ya mwisho: TABU. Huu ni mchezo wa kuficha.

Sheria mama imo katika kabati lililovurugwa (6). Ngozi yake ni siasa: nchi ambayo waraka wake mkuu umetupwa kabatini, hata kuuona ni taabu. Lakini "lililovurugwa" ni amri kwa msomaji: zivuruge herufi za KABATI. Zipange upya, unapata KATIBA, ambayo ndiyo sheria mama. Herufi zote sita zimetumika, hakuna iliyobaki wala iliyoazimwa.

Jamaa wa swala juu ya nyumba (3). Hapa hakuna kuvuruga, kuna maana mbili tu zilizowekwa bega kwa bega. Unawaona waumini wamepanda darini kusali. Ila swala ni mnyama pia, na jamaa yake ni PAA. Kilicho juu ya nyumba nacho ni PAA.

Mganga, Bi yumo ndani ya tabu! (6). Ukilia na huyo Bi hutafika. Mweke BI katikati ya TABU kama sentensi inavyosema: TA-BI-BU. Na tabibu ndiye mganga mwenyewe.

Mfano wa tano una aibu kidogo. Niliandika: Leteni maji na Asha na Juma (6). Jibu ni MAJINA: "maji" ukiiunganisha na "na", halafu Asha na Juma ni majina. Nilimwonyesha ninayekaa naye bwenini, mwanafunzi wa hesabu asiyesoma shairi hata kwa dawa. Akakitegua, kisha akaniuliza: "Na hii 'leteni' inafanya nini?" Haifanyi kitu. Niliiweka ili sentensi ipendeze. Nikaikata: Maji na Asha na Juma (6). Jamani, ilikuwa "Na mkia je?" kwa mara ya pili, na safari hii kutoka kwa mtu wa hesabu.

Kiswahili kinapokataa

Mtu akijaribu kuuhamisha mchezo huu mzimamzima atagonga ukuta mara mbili, na kuta zote mbili zinatufundisha kitu juu ya lugha yetu.

Ukuta wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Mtegaji wa Kiingereza anapata raha kwa sababu neno lake halivai sare. Wana neno lao la ua ambalo, likitazamwa kwa jicho la hila, husomeka "kinachotiririka", basi likawa mto, na hakuna kiambishi cha kumfichua. Kwetu ngeli ni shushushu. Nikisema "kanga ametaga", kila mtu anajua ni ndege. Nikisema "kanga imefuliwa", kila mtu anajua ni nguo. Mbuzi wa malishoni na mbuzi ya kukunia nazi wanatenganishwa na silabi moja tu, na silabi hiyo inamwaga siri yote.

Mtegaji afanye nini? Nimehangaika nalo hilo, na kimbilio langu kubwa limekuwa ni hu- ya mazoea. "Kanga hupendeza" haisemi ni ndege au ni nguo, maana hu- haibebi nafsi wala ngeli. Amri na kitenzi cha ku- navyo vinasitiri. Tangu nigundue hivyo, kila nikikutana na hu- katika shairi husimama kidogo. Pengine ni desturi tu ya methali. Pengine mshairi amezima taa makusudi, ili tusijue anayezungumzwa ni mtu au ni kitu.

Ukuta wa pili ni herufi. Waingereza hupenda kulipindua neno na kulisoma kutoka mwisho. Pindua "kazi" herufi kwa herufi, unapata "izak", ambalo si neno. Wala si bahati mbaya. Maneno yetu, ukiacha ya mkopo machache, humalizikia irabu. Kwa hiyo neno lililoanza na konsonanti, ukilipindua, litamalizikia konsonanti na kukataliwa mlangoni. Zinabaki jozi chache kama "ua" na "au".

Lakini watoto wa pwani walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo. Kwa kinyume, "kazi" ni "zika". Basi naweza kutega: Fukia kazi iliyopinduliwa, nikaandika mwishoni si herufi 4 bali silabi 2. Au: Fupa likipinduka huvuta hewa (silabi 2): fu-pa, pa-fu. Hilo la pili nalipenda kwa sababu fupa na pafu wote ni ngeli moja, kwa hiyo hata "li-" ya kati haikumsaliti yeyote.

Msomaji ameshaona ninakokwenda. Sisi ni watu wa mizani. Mshairi wetu akihesabu 8 na 8 hahesabu herufi, anahesabu silabi. Fumbo la maneno la Kiswahili lenye haki lingekuwa na silabi moja katika kila mraba, na hapo ndipo sikio letu lingecheza nyumbani kwao.

Fumbo letu si fumbo lao

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki: shairi si chemshabongo. Chemshabongo ina jibu moja, na ikishateguliwa imekufa, unafungia maandazi gazeti. Shairi likifumbuliwa ndiyo kwanza linaanza kuishi.

Nakubali, na nitaongeza tofauti nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Mtegaji wa gazetini anataka hatimaye akamatwe, ndiyo maana ufunguo wote ameuacha ndani ya kidokezo. Mafumbo yetu mengi hayako hivyo. Anayevaa kanga yenye maneno ya kumchoma jirani, au anayetunza pesa ukumbini wimbo wa taarabu unapofika kwenye mstari fulani, anataka mtu mmoja aelewe na wote wengine wasiweze kumshitaki. Akiulizwa atasema, "Mimi nimevaa nguo tu." Ufunguo uko nje ya maneno: uko kwenye ua wa pili. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mengi hayafunguki bila kujua ugomvi wa Mombasa na Sayyid Said ulikuwa umefika wapi.

Je, hapo sheria ya "hakuna neno la bure" inaanguka? Mimi naona inakuwa kali zaidi. Ukisema ufunguo uko nje, una deni mara mbili. Kwanza utuonyeshe huo ufunguo: nani, lini, ugomvi gani. Pili utuonyeshe kwamba unaingia kwenye kila tundu la shairi, si tundu moja uliloliona wewe. Shairi linaweza kubeba majibu mawili au matatu, sikatai, lakini kila jibu lipite kwenye maneno yote. Jibu linaloeleza kichwa na kuuacha mkia ni kubahatisha, hata kama limebahatisha sawa.

Na hapa ndipo miongozo inapotudhuru. Mwongozo si mbaya kwa sababu una makosa. Mara nyingi hauna. Ni mbaya kwa sababu unafanana na kitabu changu cha penseli: jibu lipo, njia haipo, nasi tunaingia mtihani tukiwa na jibu la mtu mwingine. Tofauti ni kwamba mimi kitabu kile kilinikera nikaitafuta njia. Mwongozo haukeri. Unaliwaza.

Hitimisho

Wazee wetu walipotega kitendawili, aliyeshindwa alitoa mji, na mtegaji akishapewa mji hakutaja jibu akanyamaza. Akisema "yai", watoto watauliza mlango uko wapi, na lazima aeleze kwamba nyumba ile haina mlango. Baraza lilitaka maelezo. Semina zetu nazo zingefaa kudai hivyo. Mwenzako akisema mnyama ni serikali, usigonge dawati kwanza. Muulize mkia. Akikujibu, mgongee mpaka livunjike.

Lile shairi la mwaka wa pili nimelirudia mara nyingi tangu siku ile. Mnyama bado naamini ni serikali. Mkia nimeupata nusu: ubeti wa kwanza wa mkia unaingia, wa pili bado unanigomea. Sijaandika jibu langu popote, na sitaliandika mpaka uingie.

Kwa leo nawaachia kimoja, kwa hesabu ya silabi na si ya herufi: Siku zikigeuka huvuma (2). Mkishindwa nipeni mji, tena mkubwa.