SOKO LA VITO: Jiwe jekundu la Ipogolo, ni rubi au spineli?

Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, ndipo yanapopita magari ya Mbeya, Njombe na Songea yaendayo Dar es Salaam. Tangu machimbo ya Tunduru yalipovuta umati katikati ya miaka ya 1990, mawe ya vito nayo yamesafiri kwa barabara hii, mengine yakiwa mfukoni mwa abiria. Mwenye mtaji mdogo akioneshwa jiwe jekundu njiani huambiwa ni rubi, na bei hutajwa kwa jina hilo. Mtaji mwingi umepotelea hapo.

Rubi ina mwenzake anayefanana nayo sana, spineli. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, yote mawili hupatikana katika miamba ya marumaru, na wekundu wa yote mawili unatokana na kromiamu. Hata wafalme walikosea: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la Uingereza liliitwa rubi kwa karne nyingi, kumbe ni spineli.

Kwa ugumu, rubi ni 9 na spineli ni 8, almasi ikiwa 10. Yote yanafaa kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Lakini tofauti hiyo haimsaidii mnunuzi, maana yote mawili hukwaruza kioo.

Wengi hutegemea tochi ya mwanga wa urujuanimno. Tochi hiyo husaidia kutenga garneti nyekundu, ambayo kwa kawaida haiwaki kwa sababu ya chuma kilichomo. Rubi na spineli za Mahenge, hata hivyo, zote huwaka kama kaa la moto. Rubi ya kiwandani, iliyo sokoni tangu mwanzo wa karne ya 20, nayo huwaka, mara nyingi kuliko ya asili. Kwa hiyo mwenye tochi peke yake bado hajajua alichoshika.

Mizani ni hakimu mzuri zaidi. Rubi ni nzito mara 4 kuliko maji ya ujazo uleule, spineli mara 3.6. Chukua jiwe la gramu 4, yaani karati 20, lisiloshikamana na mwamba. Lining'inize kwenye mizani kwa uzi mwembamba, lizame ndani ya maji bila kugusa chombo. Rubi itasoma gramu 3, spineli gramu 2.89 hivi. Mizani iwe inasoma sehemu ya mia ya gramu. Rubi ya kiwandani ina uzito sawa na ya asili, hivyo hapo lazima lenzi ya kukuza mara 10: mistari iliyopinda na mapovu ndani ya jiwe ni dalili ya kiwanda.

Jiwe ambalo halijasagwa na mto hujitambulisha kwa umbo. Spineli huwa kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Rubi ina pande sita, bapa au kama pipa.

Sasa bei. Rubi nyekundu, safi na isiyochomwa moto huishinda spineli ya ubora huohuo. Lakini rubi nyingi ya kwetu haipitishi mwanga. Hiyo hukatwa mviringo bila pande, na ile ya Longido iliyo ndani ya mwamba wa kijani huchongwa vinyago. Rubi nyingi pia huchomwa, nyingine nyufa zake hujazwa kioo, na thamani hushuka. Spineli kwa kawaida huuzwa kama ilivyotoka ardhini. Mwaka 2007 Ipanko, karibu na Mahenge, ilitoka fuwele ya spineli ya zaidi ya kilo 50, na tangu hapo wanunuzi wa nje huitafuta spineli ya Mahenge kwa jina lake. Hivyo anayeuziwa spineli safi kwa bei ya rubi hafifu hajapunjwa hata kidogo, ilimradi ajue ameshika nini.

Kununua barabarani bila leseni ya madini ni kosa kisheria. Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019 yana wathamini wa Serikali, na jiwe hupimwa kabla fedha hazijahesabiwa.