Zahabu haina bei ya mizani tu

Sisi watu wa machimbo tunajua zahabu kwa mizani. Gramu ngapi? Bei inafuata. Lakini sikia habari ya sarafu moja ya Marekani.

Juu yake waliandika dolari 20. Uzito ni gramu 33 na nusu hivi: zahabu sehemu 9, shaba sehemu 1. Mwaka 1933 walitengeneza 445.500. Lakini mwaka ule ule Raisi Roosevelt aliamuru watu warudishe zahabu yao benki. Sarafu zile hazikugawanywa. Mwaka 1937 ziliyeyushwa. Chache tu ziliponyoka. Moja ilifika mpaka kwa Mfalme Farouk wa Misri, mwaka 1944. Na ile moja ambayo Leta ya Marekani ilikubali mutu binafsi aiweke, iliuzwa New York mwaka 2021: karibu dolari milioni 19!

Zahabu ni ile ile. Bei ilitoka wapi? Kwa uchache wake, kwa historia yake, na kwa hali yake nzuri.

Basi, baba na mama, kama babu aliwaachia sarafu ya zamani, musiisugue na majivu ili ing'ae, musiitoboe ili mtoto aivae shingoni. Bei inaanguka, hairudi tena. Na mutu akikuletea sarafu «ya Marekani» njiani, ipime kwanza. Ni nyepesi? Sumaku inaivuta? Iache. Feza ya masomo ya watoto ikiisha kupotea hivyo, nani atairudisha?