Kijiko Kikisimama, Anza na Kilicho Kidogo

Tuseme uko Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Ni mwezi wa Oktoba. Jua ni kali na ardhi imekauka. Kijiji kimekodi mtambo wa kijiko ili uchimbe mtaro wa bomba la maji. Mtaro huo lazima ufukiwe kabla mvua hazijaanza. Mvua zikiukuta wazi, utajaa maji na kingo zake zitabomoka. Mtoto anaweza kutumbukia.

Siku ya tatu kijiko kinaanza kuchoka. Mkono wa nyuma unapanda polepole. Beleshi la mbele halinyanyui udongo. Miguu ya kuegemea haishuki vizuri. Injini inanguruma, lakini mtambo hauna nguvu. Dereva anazima.

Watu wanakusanyika. Mmoja anasema, "Pampu imekufa. Inunuliwe pampu mpya." Mwingine anasema, "Mtambo huu ni mzee, urudishwe ulikotoka."

Pampu ni kitu cha bei kubwa. Fedha ni za kijiji. Je, wewe ungesema nini?

KIJIKO KINAFANYAJE KAZI?

Kijiko ni kama trekta lenye mikono miwili. Mbele lina beleshi pana la kuzoa udongo. Nyuma lina mkono mrefu wa kuchimba. Mwaka 1953 kampuni ya JCB ya Uingereza, iliyoanzishwa na Joseph Cyril Bamford, ilitoa kijiko chake cha kwanza cha namna hii. Mwaka 1957 kampuni ya Case ya Marekani nayo ilitoa cha kwake. Tangu hapo vijiko vimeenea dunia nzima.

Vijiko vya zamani havina kompyuta. Hilo ni jambo jema kwetu. Hutengenezwa kwa spana, macho, masikio na akili.

Nguvu ya mikono ile inatoka kwenye oili. Oili hiyo huitwa oili ya haidroliki. Kazi yake ni kusukuma. Safari yake ni hii. Inatoka kwenye tangi na kuvutwa na pampu. Pampu inaisukuma hadi kwenye vali, pale penye vishikio vya dereva. Dereva akivuta kishikio, oili hupita kwenye mpira mgumu uitwao hosi. Huingia ndani ya silinda na kusukuma rodi. Rodi ndiyo inayonyanyua mkono. Kisha oili hurudi tangini kupitia kwenye filta.

Nguvu ya oili hiyo ni kubwa mno. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Oili ya kijiko huweza kupita paundi 2,000. Kwa hiyo usiichezee.

KWANZA UHAI, KISHA MTAMBO

Kabla ya kushika spana, fanya mambo haya:

1. Simamisha kijiko mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu.

2. Shusha beleshi na mkono wa nyuma mpaka vikae chini kabisa. Zima injini. Kisha sukuma vishikio huku na huku ili nguvu iliyobaki ndani ya hosi iishe.

3. Usiingie chini ya beleshi lililonyanyuliwa. Hosi ikipasuka, beleshi litaanguka kabla hujasema "Mama!" Kama ni lazima libaki juu, weka chuma cha usalama kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Jeki peke yake haitoshi. Matofali hayafai.

4. Usitafute tundu la hosi kwa mkono. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Jeraha huwa dogo kama la mwiba. Pengine mwanzoni haliumi sana. Lakini oili imeshaingia ndani ya nyama, na mtu anaweza kukatwa kidole au mkono mzima. Likitokea, nenda hospitali saa ile ile. Usingoje mkono uvimbe. Mwambie daktari wazi: oili ya mtambo imeingia mwilini kwa nguvu.

5. Watoto na watazamaji wakae mbali.

NI MIKONO YOTE, AU MMOJA TU?

Sasa turudi Chitete. Tuseme amefika fundi mzee. Kijana wa dereva anamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka mkono mmoja, au mikono yote?"

"Yote, mzee. Hata miguu."

Swali hilo ni dogo, lakini limepunguza kazi nusu nzima. Lishike vizuri, ndugu msomaji.

Kama umechoka mkono mmoja tu, pampu si mgonjwa. Pampu ingekuwa mgonjwa, mikono yote ingelalamika. Basi tazama mkono ule: hosi zake, silinda yake na vali yake. Oili ikivuja juu ya rodi, sili ya kwenye kichwa cha silinda imekwisha. Mkono ukijishusha wenyewe polepole wakati hakuna anayegusa kishikio, huenda sili za ndani ya silinda zimekwisha, au vali inapitisha oili. Kabla ya kuweka sili mpya, pangusa rodi na uitazame. Rodi yenye mikwaruzo itakula sili mpya kama ilivyokula ile ya zamani. Utakuwa umetupa fedha.

Kama imechoka mikono yote, tazama mahali ambapo oili ya wote hupita. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, pima oili tangini. Je, inatosha?

Pili, itazame. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Oili yenye povu imeingiwa na hewa.

Tatu, tazama hosi inayotoka tangini kwenda kwenye pampu. Ikilegea, pampu huvuta hewa badala ya oili.

Nne, tazama filta na chujio la tangini. Likiziba, pampu inakaa na njaa.

Pampu iwe ya mwisho. Vali ya kupunguzia nguvu nayo iachie fundi mwenye geji. Kuna watu hukaza skrubu yake kwa kubahatisha ili mtambo upate nguvu. Hao hupasua hosi, na hosi inaweza kuua.

Haya, fundi wetu anapima oili. Iko chini sana. Anamwuliza dereva, "Pampu ilikuwa inaliaje?"

"Ilikuwa inalia kama ina mchanga ndani."

"Ilikuwa inavuta hewa. Umefanya vizuri kuzima. Ungeendelea, ingekufa kweli. Sasa tutafute oili imekwenda wapi."

Chini ya mtambo udongo umelowa. Juu yake pana hosi inayotoka kwenye pampu. Fundi anaongeza oili kidogo na kuwasha injini kwa muda mfupi. Kijana mmoja ananyoosha mkono ili apapase. Fundi anaupiga mkono ule.

"Unautaka mkono wako, au huutaki?"

Fundi amevaa miwani na glavu. Anachukua kipande cha boksi na kukipitisha polepole kando ya hosi, akisimama mbali. Mara boksi linapata mstari wa oili. Tundu limeonekana. Hosi ilikuwa inasuguana na chuma, siku baada ya siku, mpaka ikatoboka.

Wanazima, wanatoa nguvu, wanafungua hosi. Wanaziba ncha zote kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Hosi ile ile inapelekwa Tunduma kama mfano, ili ipatikane nyingine ya urefu ule ule na yenye uwezo ule ule. Hosi ya maji haifai. Kuifunga kwa mpira wa baiskeli hakufai.

Baada ya kuifunga hosi mpya, wanajaza oili ya aina ile ile iliyokuwamo. Wanawasha injini taratibu. Wanachezesha mikono polepole ili hewa itoke. Kisha wanapima oili tena. Mwisho wanaweka kipande cha tairi kuukuu mahali pale hosi iliposuguana na chuma. Kazi inaendelea. Pampu haikununuliwa.

INJINI IKIKATAA KUWAKA

Siku nyingine ugonjwa utakuwa kwenye injini. Hapo pia anza na swali: stata inazunguka, au haizunguki?

Kama haizunguki, hakikisha gia iko frii. Kisha tazama betri. Vichwa vyake vikiwa na ungaunga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Legeza waya wa hasi kwanza. Safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza tena. Usivute sigara karibu na betri, kwa sababu hewa yake hulipuka.

Kama stata inazunguka lakini injini haiwaki, uliza: dizeli ipo? Waya wa kuzimia injini umerudishwa mahali pake? Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inahitaji hewa safi, dizeli safi na mgandamizo.

Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Fungua skrubu ya chini ya kikombe cha filta, maji yatoke. Hewa nayo ikiingia kwenye bomba la dizeli, injini haitawaka. Legeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta. Piga pampu ya mkono. Utaona mapovu. Endelea mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza. Usimwage petroli kwenye njia ya hewa ili kulazimisha injini. Inaweza kukuunguza na kuiharibu injini.

MOSHI NAO UNASEMA

Moshi mweusi: hewa ni kidogo au dizeli ni nyingi. Tazama kwanza filta ya hewa. Vumbi la kiangazi huiziba upesi.

Moshi wa buluu: injini inachoma oili. Huenda ringi zimekwisha.

Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia ndani. Pima maji ya rejeta. Lakini usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni.

KAZI YA KILA ASUBUHI

Fundi bora ni yule anayezuia ugonjwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva azunguke mtambo mara moja. Apime oili ya injini, oili ya haidroliki na maji ya rejeta. Atazame chini kama kuna tone jipya. Atoe majani yaliyoziba rejeta. Atazame mkanda wa feni na matairi.

Halafu apige grisi. Kila kiungo cha mkono kina pini inayozunguka ndani ya bushi. Pini ikikosa grisi, hula bushi. Bushi ikiisha, mkono hulegea na kucheza. Mwishowe tundu lenyewe la chuma hupanuka, na hapo ni kazi ya kuchomelea na kuchonga. Ulinganishe, ndugu msomaji: grisi ya dakika 15, au mtambo kulala wiki nzima?

Jioni dereva ajaze tangi la dizeli. Tangi likilala nusu, hewa iliyomo hupoa usiku na kuacha matone ya maji ndani.

Pia dereva awe na daftari. Aandike tarehe, saa za kazi, oili aliyoongeza na kitu kilichobadilishwa. Akiona ameongeza oili siku tatu mfululizo, daftari limekwisha mwambia kwamba kuna mahali panavuja. Dereva wetu wa Chitete angekuwa na daftari, angeikamata ile hosi siku ya kwanza. Tazama basi faida ya kusoma na kuandika.

LINAKUHUSU NINI WEWE?

Pengine utasema, "Mimi si fundi. Mimi nalima mahindi na ufuta." Ni kweli. Lakini mtambo ukija kijijini, fedha ni zako na mtaro ni wako. Mjumbe wa kamati anayejua kuuliza "mikono yote au mmoja?" hatauziwa pampu asiyoihitaji. Mzazi anayejua hatari ya beleshi lililonyanyuliwa hatamwacha mtoto wake acheze chini yake. Na kijana anayependa ufundi anaweza kuanza leo kwa kumsaidia fundi, kisha akajifunze katika chuo cha ufundi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na kilicho kidogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini fundi aliuliza "mkono mmoja au yote?"

2. Tundu la hosi hutafutwa kwa kitu gani? Kwa nini lisitafutwe kwa mkono?

3. Moshi mweusi unatuambia nini?

4. Katika kijiji chenu, ni mashine gani imesimama? Je, mmeanza kutazama kilicho kidogo?