Utangulizi: Kuielewa Rangi ya Kidijitali

Mpigapicha amehariri picha ya bibi harusi mpaka gauni jekundu likawaka. Akiiweka mtandaoni, wekundu umepooza. Wengi hulaumu skrini. Kitabu hiki kinaanza kwa kuzichunguza namba.

Kompyuta haihifadhi rangi. Kwa kila pikseli huhifadhi namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255, nazo hazina maana mpaka ujue zimehesabiwa kwa mfumo upi. Msafiri aliyeandikiwa 8:00 kwenye tiketi ya asubuhi, akaenda kituoni saa nane mchana, ameisoma namba sawasawa. Saa ndiyo siyo.

Mifumo miwili ndiyo itakayotusumbua zaidi. sRGB ulipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndio unaochukuliwa na vivinjari pale picha isipojieleza. Adobe RGB, wa mwaka 1998, ni mpana zaidi, hasa upande wa kijani. Sasa tazama: nyekundu kamili ya sRGB ni 255, 0, 0. Nyekundu hiyohiyo, ukiiandika kwa Adobe RGB, ni 219, 0, 0. Faili ikipoteza profaili yake, yaani maelezo madogo yanayoutaja mfumo, kivinjari huisoma 219 kana kwamba ni ya sRGB. Gauni linapooza, ingawa programu zote mbili, ya kuhariri na kivinjari, zimefanya kazi yake.

Nyuma ya haya yote kuna jedwali la mwaka 1931 la tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, lililojengwa juu ya majaribio ya kuona rangi ya watafiti Wright na Guild nchini Uingereza. Watazamaji wao walikuwa 17 tu. Mpaka leo skrini za dunia nzima zinapimwa kwa macho ya watu hao wachache, jambo ambalo kwangu linatosha kumvuta mtu aisome taaluma hii.

Wanafunzi hujikwaa zaidi mahali pamoja. Kugeuza profaili hubadilisha namba ili rangi ibaki. Kubandika profaili huziacha namba zilivyo, rangi ikabadilika. Kusawazisha skrini ni kuzuri, lakini hakuiponyi faili iliyobandikwa profaili isiyo yake.

Kwa hiyo, kabla hujafungua sura ya kwanza, chukua picha yako moja, igeuze iwe sRGB, ihifadhi pamoja na profaili yake, kisha uilinganishe na ile ya awali ndani ya kivinjari.