Kompyuta ndogo za mitumba: Linux yabadili hesabu za bei

BEI ya kompyuta mpakato ndogo iliyotumika haipangwi tena na jina la kampuni na ukubwa wa kioo peke yake. Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mnunuzi makini huuliza kwanza mashine itaendeshwa na mfumo gani.

Swali hilo lina fedha ndani yake. Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kinga ya TPM 2.0. Mashine nyingi nyepesi za bei ya chini za miaka ya katikati ya 2010 zilitoka kiwandani na kumbukumbu ya gigabaiti 2 na hifadhi ya 32, tena zimechomelewa kwenye bodi, hivyo haziongezeki. Kwa hesabu za Microsoft zimekwisha. Kwa Linux, ambayo hailipiwi leseni, nyingi zina miaka kadhaa ya kazi mbele yake.

Soko hili liliwahi kuona mvutano huo. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja, ikiendeshwa na Linux ya Xandros. Sababu ilikuwa ya kibiashara tu: Windows Vista ilikuwa nzito mno kwa mashine hiyo, na kila dola ya leseni ingeonekana kwenye bei. Mwaka 2008 Acer na Dell nao waliingia na Linux zao.

Microsoft haikukaa kimya. Aprili 2008 iliiongezea muda Windows XP, iliyokuwa ikielekea kuondolewa madukani, kwa ajili ya kompyuta ndogo hizo. XP ikateka soko. Ukweli ni kwamba Linux za viwandani zilikuwa zimeandaliwa kwa haraka, kila kampuni na yake, na wateja walitaka programu walizozizoea. Kisha ikaja iPad mwaka 2010, na kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer walikuwa wameachana na biashara hiyo.

Tofauti ya sasa ni kwamba muuzaji wa mitumba anajichagulia mfumo. Linux Mint ya Xfce inaanzia gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ndizo za kufanyia kazi bila kero. antiX inaridhika na pungufu ya hapo.

Mtego uko kwenye mzigo wa zamani zaidi. Kompyuta zenye prosesa ya Atom N270 ni za biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha aina hiyo. Anayeuziwa shehena ya mashine hizo kwa bei ya kutupa ajue ni kwa nini.

Chromebook nazo zina tarehe ya mwisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10 ya masasisho, lakini inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, si tangu siku mteja alipolipa. Tarehe yenyewe inaonekana kwenye mipangilio.

Ofisini, LibreOffice hufungua mafaili ya Excel, japo makro mara nyingi hugoma. QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta haina toleo la Linux. Duka linaloitegemea lisihame kwa pupa. Printa ya risiti nayo ijaribiwe mapema.

Kabla ya kulipa, mfumo unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Dakika kumi zinatosha kuona kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na mashine inaamka baada ya kufunikwa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anapaswa kushusha bei, au mteja aende meza ya pili.