Usingizi Mchache na Maradhi ya Fizi

Usiku wa Endulen una baridi kali, na wako wasioulala: askari wa lindo, watumishi wa hoteli za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na wachungaji wanaokesha bomani kwa kuwahofia simba na fisi. Wengi wao hulalamika kwamba fizi zao hutoka damu, na lawama huyatupia maji ya huku. Ni kweli, maji ya pande hizi yana madini ya floridi, nayo hutia meno rangi ya kahawia. Lakini hilo ni jambo jingine, wala siyo ugonjwa wa fizi.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa utando wa vijidudu unaoganda penye shina la jino. Ukiachwa, ufizi huvimba, kisha mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, hata jino likalegea.

Huko Japani wafanyakazi 219 wa kiwandani walichunguzwa tangu mwaka 1999 hata 2003. Katika mienendo yao, iliyozidisha maradhi haya kwanza ilikuwa sigara, na ya pili uchache wa usingizi: waliolala saa saba au nane walisalimika zaidi kuliko waliolala sita au chini yake. Si kwamba kukesha peke yake hung'oa meno. Wataalamu wangali wakilipima neno hili. Lakini mwili usiopumzika hudhoofika katika kupigana na vijidudu, na mwenye kukesha huvuta tumbaku na kunywa chai ya sukari ili afumbue macho, kisha hujitupa kitandani na kinywa kichafu. Tena mate, ambayo huosha kinywa mchana kutwa, hupungua sana tulalapo.

Mtume (s.a.w.) alipoamka usiku alikuwa akisugua kinywa chake kwa mswaki. Basi alalaye mchana naye asafishe kinywa kabla ya kulala, ijapokuwa ni saa mbili asubuhi.

Nanyi watu wa nyumbani, baba akirudi lindoni msimwamshe kila mara kuja kuamua ugomvi wa mbuzi. Redio ipunguzwe, na sisi wenye vyuo, watoto wasomee upande wa pili wa nyumba, kwani sauti zao twazijua! Damu ikiendelea majuma mawili, mtu asiache mswaki kwa kuiogopa, bali aende hospitalini akatazamwe, jino lingali imara.