Mke wangu amezaliwa Malawi, je, atapata kitambulisho cha NIDA?

Swali hili hutufikia mara nyingi kutoka Kyela na vijiji vya kando ya Mto Songwe, ambako watu wameoana ng'ambo hii na ile tangu enzi za mababu. Jibu fupi ni ndiyo, anaweza kupata, lakini si kile cha raia.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, hutoa vitambulisho vya aina tatu: cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi. Wanaosajiliwa ni wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Wote hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na saini, kisha hupewa namba yenye tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa.

Mgeni mkaazi lazima kwanza awe anaishi nchini kihalali. Anahitaji pasipoti iliyo hai na kibali kutoka Uhamiaji. Kwa hiyo safari yake huanzia ofisi ya Uhamiaji, ndipo aende NIDA.

Vipi kuhusu ndoa? Kuolewa na Mtanzania hakumfanyi mtu kuwa raia siku ileile. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia. Mpaka aombe na kukubaliwa, yeye bado ni mgeni, hata akiwa amelima shamba la mumewe miaka ishirini. Watoto wake waliozaliwa hapa na baba Mtanzania ni raia. Wakatieni vyeti vya kuzaliwa mapema, maana ndivyo vitakavyowatetea baadaye.

Jambo hili linagusa hata simu iliyo mkononi mwako. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Bila laini hakuna kutuma wala kupokea pesa. Baadhi ya waume huamua kumsajilia mke laini kwa jina lao. Kumbuka kwamba laini ikitumika vibaya, wa kwanza kuulizwa ni mwenye jina. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tunawaomba msidanganye kuhusu uraia. Ni kosa la jinai, na alama za vidole hubaki kwenye kumbukumbu hata ukibadilisha jina.

Na wewe raia wa mpakani, usiogope maswali ya maofisa. Kuwa na jina au lahaja inayofanana na ya majirani si ushahidi kwamba wewe ni mgeni. Nenda na cheti cha kuzaliwa, cha shule, na nyaraka za wazazi wako kama zipo. Fomu yako hupitia kwanza serikali ya kijiji, kwa hiyo anza na mtendaji wako. Kwa raia, usajili wa mara ya kwanza ni bure. Anayekudai "hela ya kuharakisha" anakuibia.